Jina, Namba na Bendera: Historia ya Usajili wa Vyombo vya Baharini na Istilahi Zake

Mtu anunuapo chombo cha baharini hununua mbao, tanga, nanga na mashine. Je, hununua pia jina lake? Je, bendera iliyokuwa ikipepea juu ya tezi huja pamoja na mbao hizo, au hubaki kwa aliyeuza? Maswali haya ni ya sheria, lakini ni ya lugha pia, kwa kuwa jibu lake hutegemea maneno yaliyoandikwa katika hati. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria Tanzania, na kazi ya kufasiri sheria za zamani imewaangukia wafasiri na watumishi wa serikali. Inafaa basi tutazame jinsi mambo yenyewe yalivyozaliwa katika bahari yetu, kisha tuone ni maneno gani yanayafaa.

1. Urithi wa maneno

Msamiati wetu wa bahari ni ushahidi wa historia ndefu ya biashara. Nahodha na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Bendera tulipewa na Wareno. Daftari limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Hata meli, ambalo leo ni jina la chombo chochote kikubwa cha mashine, ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, kwa kuwa stima zilizozoeleka pwani zilikuwa zile zilizochukua barua. Pamoja na hayo, sehemu za chombo chenyewe zina majina yaliyokita mizizi. Omo ni mbele na tezi ni nyuma, na methali isemayo kuwa kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani inafahamika hata bara, ingawa wengi waitumiao hawajui tena tezi ni wapi.

Jambo moja halikuwamo katika urithi huo, nalo ni usajili kwa maana yake ya kisasa. Mabaharia walikitambua chombo kwa umbo lake, kwa tanga lake, na kwa sifa za mwenyewe na nahodha wake. Jina mara nyingi lilikuwa dua au sifa, na lilidumu kwa kuwa watu walilijua, si kwa kuwa lilikuwa limeandikwa mahali.

2. Mkataba wa Brussels wa 1890

Hali hiyo ilibadilishwa na vita dhidi ya biashara ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikipekua majahazi zilikuta taabu moja: chombo kilichokamatwa mwaka huu chini ya jina na bendera moja kiliweza kuonekana mwaka ujao chini ya jina na bendera nyingine. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa kadha, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, yalitia saini Mkataba Mkuu wa Brussels. Mkataba huo uliweka kanuni kwa kile ulichokiita chombo cha wenyeji, yaani chenye umbo au matanga ya kienyeji, au ambacho nahodha wake na mabaharia wake wengi ni wenyeji wa nchi za Bahari ya Hindi, Bahari ya Sham au Ghuba ya Uajemi. Ruhusa ya kupeperusha bendera ilipaswa kutolewa upya kila mwaka. Jina la chombo na kiasi cha tani zake vichongwe na kupakwa rangi kwenye tezi kwa herufi za Kirumi. Herufi ya kwanza ya jina la bandari ya usajili, pamoja na namba ya chombo katika daftari la bandari hiyo, zichapwe kwa rangi nyeusi juu ya matanga.

Tuzingatie maana ya agizo hilo kwa lugha. Wakati huo Kiswahili cha pwani kiliandikwa zaidi kwa hati za Kiarabu, ambazo katika matumizi ya kawaida hazikutofautisha waziwazi e na i, wala o na u. Sasa jina la jahazi lilipaswa kuhamishiwa katika herufi za Kirumi, na tahajia sanifu ilikuwa bado haijawekwa. Mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928. Jina moja liliweza kuandikwa kwa sura mbili au tatu, kwa kadiri ya sikio la karani. Namba haikuwa na udhaifu huo. Ndiyo sababu tangu mwanzo wa usajili namba ilikuwa mlinzi wa jina.

3. Majahazi ya Sur na hukumu ya 1905

Jaribio kubwa la kanuni hizo lilitokea Oman. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, walikuwa wamepata hati za Kifaransa na kusafiri chini ya bendera ya Ufaransa, na kwa hiyo manowari za Kiingereza zilizuiwa kuwapekua kama zilivyopekua wengine. Uingereza na Ufaransa zilipeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, nayo ikatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Mahakama iliamua kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha Mkataba wa Brussels, Ufaransa ilikuwa huru kutoa ruhusa hizo kwa kufuata sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo ingeweza kuwapa wale tu waliothibitika kuwa walikuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863.

Hukumu hiyo ina sehemu nyingine ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Ilisemwa kwamba ruhusa ya kupeperusha bendera haiwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata kama majahazi yote mawili ni ya mtu mmoja. Kwa maneno mengine, anunuaye jahazi hanunui bendera. Mbao huuzwa sokoni. Bendera hutolewa na dola.

4. Jina katika sheria ya 1894

Kwa upande wa meli, sheria iliyoathiri sana nchi zilizotawaliwa na Uingereza ni Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1894. Kwa mujibu wake, mali katika meli iligawanywa katika hisa 64. Muuzaji alitoa hati ya mauzo. Mnunuzi alitoa tamko kwamba anayo haki ya kumiliki meli ya taifa hilo. Kisha msajili akaliandika jina la mnunuzi katika daftari. Hatua hizi tatu ni mbalimbali. Mwenye hati ya mauzo mkononi ambaye hajaandikwa daftarini bado hajamaliza safari.

Kubadili jina kulikuwa jambo la nne, lenye masharti yake. Hapana aliyeruhusiwa kuiita meli kwa jina lisilo la daftari, na jina jipya lilihitaji kibali cha maandishi kutoka kwa serikali kabla ya kutumika. Kibali kikipatikana, jina lilipaswa kubadilishwa mara moja katika daftari la usajili, katika cheti cha usajili, na kwenye omo na tezi ya meli yenyewe. Herufi zisipungue inchi nne, nyeupe au za manjano juu ya rangi nzito, au nyeusi juu ya rangi nyepesi. Namba rasmi ilichongwa katika boriti kuu, nayo haikubadilika pamoja na jina.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Meli huwekwa rehani, hudaiwa ujira wa mabaharia, na hudaiwa fidia ya kugonga nyingine. Madeni hayo huweza kukifuata chombo hata kikishauzwa. Kama mnunuzi angeweza kufuta jina usiku na kupaka jingine asubuhi, mdai angebaki ufukweni akitafuta chombo ambacho hakipo tena. Fikira hiyohiyo ndiyo iliyolifanya Shirika la Kimataifa la Bahari kuanzisha mwaka 1987 namba ya tarakimu saba, ambayo tangu mwaka 1996 ni lazima kwa meli za abiria za tani 100 na zaidi, na za mizigo za tani 300 na zaidi, zisafirizo baina ya nchi. Jina, mmiliki na bendera vyaweza kubadilika, namba hubaki.

5. Mfano wa Liemba

Si kila jina hubadilika kwa sababu ya kununua. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapelekwa Kigoma vipandevipande, na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 iliitwa Liemba, jina ambalo wenyeji walilitumia kwa ziwa hilo. Chuma kilikuwa kilekile. Jina la gavana lilitoweka na jina la maji yenyewe likashika mahali pake. Hapo twaona kwamba jina la chombo ni tamko la nani mwenye amri.

6. Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na historia hiyo twaweza kutenganisha maneno ambayo katika hati zetu huchanganywa mara kwa mara.

Kuandikisha kuwe tendo la mwenye chombo, apelekaye maombi na hati zake. Kusajili kuwe tendo la msajili, aingizaye chombo katika daftari. Mtu akiambiwa “umeandikisha” asidhani kwamba chombo chake kimekwisha kusajiliwa.

Kuhamisha umiliki, kubadili jina na kufuta usajili ni mambo matatu. Neno moja la “kubadilisha usajili” lisitumiwe kwa yote, maana halimwonyeshi msomaji ni lipi lililofanyika.

Hati ya mauzo huthibitisha mapatano ya watu wawili. Cheti cha usajili hutolewa na dola. Hati na cheti visibadilishane nafasi.

Chombo kitumike pale sheria inapokusudia jahazi, mashua na meli pamoja. Meli itumike pale tu sheria inapokusudia meli. Omo na tezi yarudishwe mahali pake, kwa kuwa “mbele” na “nyuma” hayaonyeshi kama ni ndani au nje ya chombo.

Mwisho, mfasiri aiangalie tani. Tani ya rejista ya zamani haikuwa uzito, bali futi za ujazo 100, yaani kama mita za ujazo 2.83. Anayeifasiri kama uzito humpotosha mnunuzi, na humpotosha pia mkaguzi.

Mvuvi anayeweka akiba ya miaka mingi ili anunue mashua iliyokwisha kutumiwa hana wakili wa kumsomea karatasi. Kama karatasi hiyo itamwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba amenunua mbao lakini bado hajasajiliwa, na kwamba rehani ya mwenye kwanza haijafutwa, atajua la kufanya kabla ya kutoa fedha zake.