Kusafisha Figo au Kusafisha Damu?

Huku Mambrui, pwani ya Kenya, mgonjwa anayepelekwa hospitali mara mbili au tatu kwa wiki akaunganishwe na mashine, habari zake hutolewa kwa maneno mawili: "Anasafishwa figo." Nairobi wasema hivyo hivyo, na magazeti huandika hivyo. Msemo ni mwepesi na kila mtu anauelewa. Kasoro yake ni kwamba hakuna mashine inayosafisha figo. Kinachosafishwa ni damu. Figo zenyewe hazikuguswa, na jioni mgonjwa hurudi nazo nyumbani zikiwa vile vile zilivyokuwa asubuhi.

Neno la kitaalamu, ambalo wauguzi hulitamka dayalisisi, lina asili ya Kigiriki na halitaji figo popote. Thomas Graham, mkemia wa Scotland, alilitumia mwaka 1861 kueleza jinsi vitu vilivyoyeyuka, vyenye chembe ndogo, vinavyopenya utando na kuviacha nyuma vyenye chembe kubwa. Miaka themanini na zaidi ilipita kabla ya jambo hilo la maabara kuokoa mtu. Mwaka 1943, katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa bado chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff alizungushia pipa utando wa selofani, ule wa kufungia soseji, akapitisha damu ya mgonjwa ndani yake huku pipa likizunguka ndani ya maji yenye chumvi. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amezimia alizinduka, akapona.

Mama yeyote wa pwani anaijua kanuni hiyo kwa mkono. Papa wa ng'onda hapikwi kama alivyotoka juani. Hukatwa vipande, hurowekwa kwenye maji matamu, na baada ya muda maji yale ukiyaonja yamekolea chumvi. Humwagwa, hutiwa mengine. Chumvi hutoka penye wingi ikaenda penye uchache, nyama ikabaki. Maji yasipobadilishwa, chumvi nayo haitoki tena. Ndani ya mashine, damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba na maji maalumu hupita upande wa pili, mapya kila mara. Yurea na potasiamu iliyozidi huvuka. Seli za damu na protini, kwa ukubwa wake, hubaki. Kikao kimoja huchukua takriban saa nne na hutumia zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa.

Figo nzima hufanya kazi kwa njia nyingine: huchuja. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa pamoja figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha hurudisha mwilini karibu yote, ikatoka lita moja au mbili za mkojo. Juu ya hayo husaidia kudhibiti presha, huiamsha vitamini D, na hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa damu. Kazi hizo za mwisho mashine haiziwezi, ndiyo maana wagonjwa wengi wa mashine hudungwa sindano za kuongeza damu.

Kwa hivyo kila neno lipewe mahali pake. Uchujaji ni wa figo: daktari akisema kiwango cha uchujaji kimekaa chini ya 60 (mililita kwa dakika) kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, kikiwa chini ya 15, figo zimefeli. Usafishaji damu ni wa mashine. Anayependa kusema dayalisisi aseme, mradi ajue kinachosafishwa.

Kuchanganya maneno haya kuna bei yake. Figo ikishaonekana ni kitu kilichochafuka, hutafutiwa cha kuisafishia: chupa za mitishamba, unga wa mizizi, na agizo la barazani, "Mpe madafu." Dafu kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji chema cha jua kali. Lakini maji yake yana potasiamu nyingi ambayo figo iliyofeli haiwezi kuitoa, na potasiamu ikipanda mno huvuruga mapigo ya moyo hata ukasimama. Birimbi nazo, tunazozitia kwenye achari, zina asidi ya oksaliki kwa wingi. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa maji mazito ya birimbi kama dawa.

Hasara nyingine ni kukata tamaa. "Amesafishwa mara tano, mbona haponi?" Figo zikifeli kwa maradhi ya muda mrefu, mashine haiziponyi, inashika zamu yao, na zamu ikiachwa, maji na taka hujaa tena mwilini. Zilizozimika ghafla kwa malaria kali, kuhara sana au kupoteza damu wakati wa kujifungua ni habari nyingine: hizo huweza kuamka baada ya siku au wiki kadhaa, na mgonjwa akaachana na mashine.

Hata "anaumwa na figo" ni kauli ya kupambanuliwa. Maumivu makali yanayokuja kwa mawimbi, kutoka ubavuni kushuka kinenani, aghalabu ni vijiwe vya figo. Mkojo unaochoma na kubana kila mara aghalabu ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukiongezeka homa na maumivu ya ubavuni, huenda yamefika kwenye figo. Mkojo wa damu kwa mtoto anayeoga madimbwini, pwani hii, kwanza hushukiwa kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji matamu, hupenya ngozi, na mayai yake hutia makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo. Mirija ikiziba, mkojo hurudi nyuma na figo hufura. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge tu, na ikiwahi huzuia yote hayo. Mgongo wa kawaida unaouma baada ya kazi, mara nyingi hauhusiani na figo kabisa.

Ugonjwa sugu ndio mjanja kuliko yote, kwa kuwa hauumi. Miguu kuvimba, uso kufura asubuhi, mkojo wenye povu lisilokwisha, kuwashwa mwili, kichefuchefu na uchovu huja wakati sehemu kubwa ya figo imekwisha kwenda. Chanzo kikuu ni sukari na presha. Lakini kazi ya juani nayo huweza kuchangia. Kuanzia Gongoni hadi Marereni, kaskazini ya Mambrui, chumvi huvunwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari. Mtu hushinda juani akitokwa na jasho, anywe maji kidogo, na usiku mgongo ukimsumbua anunue diklofenaki dukani bila kuandikiwa. Mwili uliokauka pamoja na dawa hizo za maumivu, siku baada ya siku, huzidhuru figo hata za kijana. Kunywa maji ya kutosha kabla kiu haijashika, kupunguza chumvi mezani, na kutozoea vidonge hivyo ni kinga isiyo na gharama.

Familia iliyofikia mashine hukutana na neno jingine la kutatanisha. Mgonjwa huambiwa atatengenezewa fistula, na wengi wanaijua fistula ya uzazi tu. Wapo wanaoona haya hata kuuliza. Hii ni ya mkononi: mshipa wa ateri huunganishwa na wa vena ili huo wa vena uwe mpana wa kupitishia sindano. Ukiugusa unasikia mtetemo chini ya vidole, na mtetemo ukipotea hospitali iarifiwe siku ile ile. Mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu ya vipimo vingine. Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, Oktoba 2024, hugharamia usafishaji damu kwa waliosajiliwa na kulipa michango yao, kwa hivyo usajili usingoje ugonjwa.

Mwenye sukari au presha aombe vipimo vitatu angalau mara moja kwa mwaka: presha, protini ya mkojo, na kriatinini ya damu. Na aliye kwenye mashine, kabla hajapelekewa dafu kitandani, aulizwe kwanza daktari wake: potasiamu yake ni ngapi?