Mustafa Amin wa Misri: Mwandishi Aliyekuwa Wakili wa Masikini

Mtu tunayemtaja hapa hakuwa faqihi. Alikuwa mwandishi wa magazeti, lakini kazi yake imeacha mas'ala ambayo maimamu wetu wanaulizwa kila Ramadhani.

Mustafa Amin alizaliwa Cairo mwaka 1914 pamoja na pacha wake Ali, wakalelewa katika nyumba ya Saad Zaghloul, kiongozi wa harakati za mwaka 1919. Mwaka 1944 ndugu hawa wakaanzisha gazeti la Akhbar al-Yom. Mwaka 1960 serikali ikayataifisha magazeti. Mwaka 1965 Mustafa akakamatwa kwa tuhuma za kuifanyia ujasusi Marekani, akahukumiwa kifungo cha maisha, na Rais Sadat akamwachia mwaka 1974. Alifariki mwaka 1997.

Yeye na ndugu yake ndio walioanzisha Misri siku ya mama, tarehe 21 Machi 1956, na maneno ya maulamaa juu ya siku hiyo yanajulikana. Hilo tuliache.

Linalotuhusu ni mlango wa gazeti alioupa jina la Laylatul Qadr. Wasomaji waliandika haja zao: huyu cherehani, yule matibabu. Wenye uwezo wakatuma fedha, na gazeti likazifikisha. Kifiqhi, gazeti hapo ni wakili wa mtoaji, na mkono wa wakili ni mkono wa amana. Ikiwa kilichotumwa ni sadaka, uwanja ni mpana. Ikiwa ni zaka, haitoki nje ya makundi manane ya Suratut Tawba aya ya 60, hata kama barua ya mwombaji inaliza. Basi anayepokea fedha za watu hana budi kuuliza nia na kuzitenga mbili hizi. Ni misikiti yetu mingapi yenye sanduku moja tu kwa yote?

Wapo wanaosema kutangaza ni riya. Suratul Baqara aya ya 271 imesifu kutoa kwa dhahiri, ikafadhilisha kuwapa mafakiri kwa siri. Mimi naona khofu kubwa zaidi ni kwa mpokeaji, maana masikini akianikwa gazetini kwa jina na sura yake, sadaka imeingiliwa na udhia, na aya ya 264 ya sura hiyo hiyo inasema udhia huibatilisha.