Nani analipa somo la bure? Historia fupi ya magazini na intaneti mu biashara ya mashine za espresso

Tuanze na picha moja. Mtu anaingia mu magazini ya mashine za espresso huko Marekani. Muuzaji anawasha mashine mbili, anasaga kahawa mbele yake, anamuonyesha juu ya nini kikombe cha kwanza kimetoka kama maji na cha pili kimeziba. Nusu saa inapita. Mteja anaonja, anashukuru, anatoka. Akifika kwake anafungua ordinateri, anakomande mashine ile ile kwa mwingine mwenye bei ya chini. Ameiba? Hapana. Lakini kuna mtu ametumika bila kulipwa.

Mashine hiyo ilizaliwa Italia. Angelo Moriondo aliandikisha uvumbuzi wake Torino mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akafuata mwaka 1901. Kisha Vita ya pili ya dunia, Achille Gaggia akaleta mashine ya mkono inayosukuma maji kwa nguvu sana, espresso ikapata povu lake. Hata sisi tuko ndani ya hii historia: karibu mwaka 1900, mbegu za robusta zilitoka Kongo, zikapitia Bruxelles mpaka Java, na mpaka leo Waitalia wengi wanachanganya robusta juu ya kupata povu nzito.

Zote hizo zilikuwa mashine za baa. Mwaka 1961 La Pavoni ikatoa Europiccola, mashine ndogo ya nyumbani. Hapo njo shida ilianza. Mu baa kuna mtu anayejua kazi. Nyumbani uko peke yako. Maji yanatakiwa nguvu ya bar 9 hivi, kikombe kitoke kwa sekunde 25 ao 30. Kahawa ikisagwa kubwa kidogo tu, imeharibika. Kwa hiyo mtu hanunui chuma tu, ananunua pia kufundishwa. Chuma kiko na bei yake. Kufundishwa, hakuna anayekuandikia faktire.

Mwaka 1960, mchumi Lester Telser alieleza jambo hilo vizuri, mbele hata intaneti haijakuwa. Alisema: muuzaji mmoja akilipia maonyesho na maelezo, na jirani yake akiuza kitu kile kile kwa bei ya chini bila kueleza kitu, wateja watajifunza kwa wa kwanza na kununua kwa wa pili. Mwishoni hakuna atakayekubali kueleza tena. Njo maana mwenye kiwanda anaweza kutaka bei isishuke chini ya kipimo fulani. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imesema mapatano ya namna hiyo ni haramu. Mwaka 2007, mu kesi ya Leegin, kampuni ya mikoba, ikageuza: kila mapatano yapimwe, faida na hasara.

Tena kulikuwa kodi. Mwaka 1992, mu kesi ya Quill, Mahakama ilisema jimbo haliwezi kulazimisha muuzaji wa mbali akusanye kodi ya mauzo kama hana magazini wala mfanyakazi mule. Sheria hiyo ilifaa wauzaji wa katalogi. Amazon ilipoanza kuuza mwaka 1995, intaneti ikairizi. Tuseme mashine ni dola 1.000 na kodi ni 9 kwa 100: mwenye magazini anaomba 1.090, wa mbali anaomba 1.000. Tofauti hiyo haikutoka kwa akili ya biashara, ilitoka kwa sheria. Iliondolewa tarehe 21/6/2018, mu kesi ya Wayfair.

Lakini tusilie magazini tu. Mtu wa kijijini, mbali na mji mkubwa, hakuwa na magazini hata moja. Intaneti ilimpa mashine, vipuri na video za kumfundisha. Na angalia Nespresso: mwaka 1989 ilianzisha klabu yake, watu wakikomande vidonge vya kahawa kwa simu. Ilianza na kuuza kwa mbali. Lakini mwaka 2000 ikafungua butiki Paris, watu waingie, waonje. Ile butiki iliweza juu vidonge vilikuwa vyake peke yake: aliyeonjeshwa alirudi kununua kwake.

Somo ni hilo. Magazini haikushindwa juu ni ya zamani, na intaneti haikushinda juu ni ya kisasa. Anayefundisha bila njia ya kulipwa njo anaanguka, popote anapouzia. Wewe unayetaka kufungua biashara kisha diplome, solar ama simu ama dawa za kilimo, jiulize mapema: nusu saa yako ya maelezo, nani atailipa?