Adhabu ya uteuzi wa wachezaji: Nani awajibike katika klabu?

Mashabiki wa michezo mjini Sydney, Australia, wameshuhudia klabu zao zikiadhibiwa mara kadhaa tangu mwaka 2002. Baadhi zilitozwa faini, baadhi zilipokonywa pointi, na nyingine ziliguswa katika haki ya kuchagua wachezaji chipukizi. Kila adhabu ilipotangazwa, mashabiki waliuliza swali lile lile: ikiwa kosa limetendeka ofisini, kwa nini adhabu ipelekwe uwanjani?

Makala haya yanaeleza jinsi adhabu hizo zinavyofanya kazi, nani huumia, na nini huwapata viongozi waliokuwa madarakani kosa lilipotendeka. Ni suala lisilo geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako klabu kubwa zimewahi kuzuiwa kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni yaliyoachwa na uongozi uliotangulia.

Michezo miwili, mji mmoja

Mtu wa Sydney anaposema "futiboli" huenda hana maana ya soka kama ijulikanavyo Dar es Salaam au Nairobi. Katika mji huo raga ya wachezaji 13 kila upande ndiyo yenye mizizi mirefu. Kando yake kuna mpira wa kanuni za Australia, unaochezwa na watu 18 kila upande katika uwanja wa mviringo, kwa mpira wenye umbo la yai. Ligi kuu ya mchezo huo hujulikana kwa kifupi kama AFL, na makao yake yako Melbourne.

Sydney ina klabu mbili katika AFL. Ya kwanza ni Sydney Swans, iliyohamia mjini humo mwaka 1982 kutoka South Melbourne. Ya pili ni Greater Western Sydney Giants, iliyoundwa na AFL yenyewe ili kuueneza mchezo katika vitongoji vya magharibi, na iliyoingia kwenye ligi mwaka 2012. Vitongoji hivyo, Blacktown kikiwa kimojawapo, ni makazi ya familia nyingi zilizotoka Sudan Kusini na nchi nyingine za Afrika.

Thamani ya zamu moja

Tangu mwaka 1986 AFL imekuwa na utaratibu wa uteuzi wa chipukizi. Kila mwisho wa msimu vijana wanaotaka kuingia kwenye ligi hujiandikisha, na klabu huwachagua kwa zamu. Klabu iliyoshika mkia hupewa zamu ya kwanza, na bingwa huwa mwishoni mwa foleni. Pamoja na utaratibu huo kuna kikomo cha mishahara, ili klabu tajiri isiweze kuwakusanya wachezaji bora wote.

Nia ya mfumo huo ni kuleta usawa. Klabu dhaifu ya leo inapata njia halali ya kuwa imara baada ya miaka michache. Kwa sababu hiyo, kuinyang'anya klabu zamu yake ni adhabu nzito kuliko faini. Fedha zaweza kutafutwa tena, lakini kijana aliyechukuliwa na klabu nyingine huenda asirudi kamwe.

Hata zamu ya mbali yaweza kuzaa matunda. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa familia iliyotoka Sudan. Mwaka 2013 Sydney Swans ilimchagua kwa zamu ya 44. Alianza kuichezea mwaka 2016, akahamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 akaingizwa katika kikosi cha wachezaji bora wa mwaka wa Australia nzima.

Giants: waliokosa walikuwa wamekwishaondoka

Mwaka 2016 mjadala wa uwajibikaji uliifikia klabu ya Giants. AFL ilichunguza tukio la mwaka 2015 lililomhusu Lachie Whitfield, mchezaji aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa katika uteuzi wa 2012. Uchunguzi ulihusu kukaa kwake nyumbani kwa ofisa mmoja wa klabu ili kukwepa uwezekano wa kupimwa dawa za kulevya.

Mchezaji huyo alifungiwa miezi sita. Maofisa wawili, Graeme Allan aliyekuwa msimamizi wa masuala ya mchezo na Craig Lambert aliyeshughulikia ustawi wa wachezaji, walifungiwa miezi 12 kila mmoja. Klabu ilitozwa faini ya dola 100,000 za Australia na kupokonywa pointi 1,000 za uteuzi kwa mwaka 2017.

Pointi hizo zinahitaji maelezo. Kila zamu ya uteuzi imepewa thamani ya pointi, na klabu huzitumia pointi kulipia vijana waliolelewa katika vituo vyake vya mafunzo iwapo klabu nyingine itawataka. Kwa jedwali la wakati huo, zamu ya kwanza ilikuwa na pointi 3,000. Pointi 1,000 zilikaribiana na zamu ya 17 au ya 18, yaani mwisho wa mzunguko wa kwanza.

Adhabu ilipotangazwa, Allan alikuwa tayari amehamia Collingwood na Lambert amehamia Brisbane. Wote wawili waliachia kazi zao mpya. Hata hivyo, pointi zilizokatwa zilikuwa za Giants, na chipukizi ambao huenda wangenunuliwa kwa pointi hizo walikuwa wa msimu ambao wahusika hawakuwa nao tena. Mtendaji mkuu wa klabu, David Matthews, aliendelea na wadhifa wake.

Mashabiki waligawanyika. Wapo walioona kwamba klabu ndiyo iliyowaajiri maofisa hao na kuwapa mamlaka, hivyo haiwezi kunawa mikono. Wapo walioona kwamba wenye kosa walikwisha kutajwa na kuadhibiwa, na kwamba kukata pointi za mwaka uliofuata kulikuwa ni kumpiga asiyehusika. Tofauti hiyo inarudi kwenye methali ya zamani: samaki mmoja akioza, je, kweli wameoza wote?

Parramatta: dola iliingia mlangoni

Mwaka huo huo wa 2016, katika magharibi hiyo hiyo ya Sydney, klabu ya raga ya Parramatta Eels ilipatikana na hatia ya kuvunja kikomo cha mishahara. Ilipokonywa pointi 12 za msimamo wa ligi na kutozwa faini ya dola milioni moja.

Raga ya Sydney haina adhabu ya uteuzi kwa sababu haina uteuzi. Ulijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachezaji wakaupinga mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama ya Shirikisho ikauona kuwa ni kizuizi kisicho cha haki cha uhuru wa mtu kutafuta kazi. Kwa hiyo adhabu za raga huangukia msimu unaoendelea.

Kwa Parramatta, adhabu haikuishia kwenye msimamo wa ligi. Viongozi watano walifutiwa usajili na wasimamizi wa ligi. Kwa kuwa klabu ya wanachama iliyoimiliki timu iliendeshwa kwa leseni ya serikali ya jimbo la New South Wales, mamlaka za jimbo ziliiondoa bodi na kumweka msimamizi. Mashabiki waliona wazi nani ameondoka, na kwa sababu gani.

Mji huo ulikuwa umekwisha kuonja jambo kama hilo mwaka 2002. Bulldogs ya Canterbury ilikuwa ikiongoza ligi ya raga ilipobainika kuwa imelipa mishahara kupita kikomo. Ilikatwa pointi 37, ikatozwa dola 500,000, na ikamaliza msimu ikiwa ya mwisho. Wakuu wa klabu waliondoka. Wachezaji walioshinda mechi hizo uwanjani walibaki na jedwali lililosema vinginevyo, hadi walipotwaa ubingwa mwaka 2004.

Carlton na Adelaide: urithi wa deni

Nje ya Sydney, AFL ina mifano miwili inayotajwa sana katika mjadala huu.

Wa kwanza ni Carlton ya Melbourne. Mwaka 2002 klabu hiyo kongwe ilishika mkia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Novemba mwaka huo mwenyekiti wake wa muda mrefu, John Elliott, aliangushwa na kundi lililoongozwa na Ian Collins. Siku chache baadaye AFL iliiadhibu Carlton kwa malipo ya siri: faini ya dola 930,000 na kupoteza zamu zake za mwanzo za 2002 na 2003. Miongoni mwa zilizopotea ni zamu mbili za juu kabisa za mwaka 2002. St Kilda ilimchukua Brendon Goddard kwa zamu ya kwanza, na Kangaroos ikamchukua Daniel Wells kwa ya pili. Carlton ilishika mkia tena mwaka 2005 na 2006.

Hapo wanachama walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Waliung'oa uongozi kabla adhabu haijasomwa, lakini uongozi mpya ndio uliolipa, na timu ililipa kwa miaka kadhaa.

Mfano wa pili unaigusa Sydney moja kwa moja. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba Adelaide ilikuwa na makubaliano ya siri ya mwaka 2009 na mshambuliaji wake Kurt Tippett kuhusu masharti ya kuondoka kwake. Adelaide ilisalimisha yenyewe zamu zake za mwanzo za 2012, kisha ikafungiwa mizunguko miwili ya kwanza ya uteuzi wa 2013 na kutozwa dola 300,000. Mtendaji mkuu Steven Trigg alifungiwa miezi sita, akarejea kazini mwaka 2013, na mwaka 2014 akaenda kuiongoza Carlton. Tippett naye, baada ya kufungiwa mechi 11, aliichezea Sydney Swans.

Swans: kizuizi bila hatia

Mashabiki wa Swans wana kumbukumbu ya aina tofauti. Mwishoni mwa mwaka 2013 klabu yao ilimsajili Lance Franklin kwa mkataba wa miaka tisa wa takriban dola milioni 10. Wakati huo AFL iliruhusu Swans kuwalipa wachezaji posho ya asilimia 9.8 juu ya kikomo, kwa hoja kwamba maisha ya Sydney ni ghali. Klabu nyingine zililalamika. Oktoba 2014 AFL iliizuia Swans kuingiza wachezaji kwa njia ya mabadilishano hadi mwisho wa 2015 endapo haitaiacha posho hiyo mara moja.

Hakuna kanuni iliyotajwa kuwa imevunjwa. Mwenyekiti Andrew Pridham aliupinga uamuzi huo hadharani, na mwaka 2015 kizuizi kililegezwa kidogo. Safari hii waliotakiwa kujieleza hawakuwa viongozi wa klabu, bali wasimamizi wa ligi.

Mambo manne ya kuuliza

Mifano hii inaonyesha kwamba mashabiki wana haki ya kutaka majibu ya maswali manne pindi klabu inapoadhibiwa. Nani aliidhinisha jambo lililofanyika? Bodi ilijua lini? Aliyeidhinisha ameadhibiwa yeye mwenyewe, au ni klabu tu? Na je, wanachama wana kura ya kubadili uongozi?

Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Wanachama wa Carlton walikuwa na kura na waliitumia. Shabiki wa Giants, klabu iliyozaliwa kwa uamuzi wa ligi, hawezi kuibadili bodi kwa kura kama walivyofanya wao. Pale ambapo kura haipo, shabiki hubaki na tiketi yake, sauti yake, na hiari ya kukaa nyumbani.

Wanaotetea adhabu kwa klabu nzima wana hoja ya nguvu. Iwapo ofisa mmoja tu ndiye ataadhibiwa, klabu yaweza kumtoa kafara huku ikibaki na faida ya udanganyifu. Lakini adhabu kwa klabu pekee nayo ina kasoro, maana kiongozi aweza kuvuna ushindi leo na kumwachia mrithi wake malipo. Adhabu inayoeleweka kwa umma ni ile inayofika kote kuwili, kama ilivyokuwa Parramatta.

Fundisho kwa Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya zilizuiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya kutokana na madai ya malipo ya wachezaji na makocha wa zamani. Utaratibu huo unafanana na adhabu ya uteuzi: unaigusa timu ya kesho kwa kosa la jana. Kocha mpya, asiyejua lolote kuhusu mkataba uliovunjwa, hujikuta na benchi fupi.

Tofauti ni kwamba klabu hizo za Nairobi ni za wanachama wanaopiga kura. Nchini Tanzania nako, Simba ilipoingia katika mpango wa kugawana umiliki kati ya wanachama kwa asilimia 51 na mwekezaji kwa asilimia 49, suala la nani atamwajibisha nani lilijadiliwa kwa kirefu. Kwa klabu za namna hiyo mahali pa kuulizia yale maswali manne ni mkutano mkuu wa mwaka, hesabu zikiwa mezani, kabla barua ya adhabu haijafika.