Mpitilizo: rangi inayovuka mstari wa kukatia

Chukua boksi dogo la majani ya chai au la viungo, lenye rangi moja nzito iliyojaa upande mzima, ulitazame pembeni. Kama limechapwa vizuri, rangi inafika mwisho kabisa wa karatasi, wala huoni hata uzi mweupe. Ni rahisi kudhani kwamba mashine ilipaka wino mpaka ukingoni ikaishia hapo. Sivyo ilivyokuwa. Rangi ilichapwa kwenye karatasi kubwa zaidi, ikavuka mahali boksi linapoishia, kisha kilichozidi kikakatwa na kutupwa. Kipande hicho cha rangi kinachotupwa Waingereza hukiita bleed, na katika karakana za uchapaji za Dar es Salaam utasikia fundi akisema "blidi". Mimi nakiita mpitilizo. Nasomea usanifu wa michoro, na kazi ya vifungashio niliyomaliza muhula huu ndiyo iliyonionyesha kwamba majina mengine niliyoyafikiria hayatoshi.

Kwanza tuone kwa nini rangi ivuke. Karatasi ina nyuzi za miti, na nyuzi hizo hunywa unyevu wa hewani. Katika jiji la pwani, karatasi iliyotolewa kwenye bunda lake asubuhi huwa imetanuka kidogo ifikapo jioni, tena hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza mwelekeo wa nyuzi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili iko kwenye mashine ya kukatia. Fundi hupanga karatasi mia kadhaa kwa pamoja, hushusha kibanio kizikandamize, kisha kisu kinateremka. Kisu kinapozama, karatasi za juu huvutwa kidogo kabla hazijakatika, na kwa hiyo karatasi ya juu na ya chini za rundo lilelile hutofautiana, pengine kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Sehemu hiyo ndogo inatosha. Kama rangi yako iliishia pale pale kwenye mstari wa kukatia na kisu kikasogea nje kidogo, nyeupe ya karatasi itaonekana, na juu ya rangi nzito jicho huiona mara moja.

Kwa kazi nyingi za kawaida kipimo ni milimita 3 kila upande. Maneno "kila upande" yasisitizwe, kwa sababu hesabu hukosewa hapo. Kadi ya biashara yenye milimita 90 kwa 55 huchorwa ikiwa na 96 kwa 61, wala si 93 kwa 58. Wamarekani hutumia moja ya nane ya inchi, ambayo ni milimita 3 na ushee. Hata viwanda vya karatasi vimeliwekea jambo hili nafasi. A3 ina milimita 297 kwa 420, lakini ipo pia SRA3 yenye 320 kwa 450, ambayo imetengenezwa kubwa kwa makusudi ili baada ya kuchapa, alama za kukatia na rangi iliyozidi ziondolewe, ibaki A3 kamili.

Sasa jina. Kila lugha imelitazama jambo hili kutoka upande wake. Wafaransa husema fond perdu, yaani usuli uliopotea, maana sehemu hiyo ya mchoro hupotea. Wajerumani husema Beschnitt, kile kinachokatwa. Waitaliano huita abbondanza, wingi au neema, jina ambalo mimi nalipenda sana. Waingereza ndio waliochagua damu, na Wahispania nao wana sangre. Neno hilo la Kiingereza lina historia ya kufikirisha: wajalidi wa zamani walisema kitabu kinatoka damu pale kisu kilipopunguza kurasa mno hadi kikayakata maandishi. Lilikuwa jina la kosa. Baadaye likageuka kuwa jina la mbinu.

Kwa Kiswahili, neno la kwanza linalomjia mtu ni mvujo. Linatokana na maana ya Kiingereza moja kwa moja, na ndipo linapoharibika. Wino kwetu huvuja kweli. Ukichapa kwenye karatasi laini isiyopakwa kitu, wino hutambaa ukafuata nyuzi, herufi zikavimba. Huo ndio mvujo, nao ni kasoro. Tukiita kasoro na mbinu kwa jina moja, mteja atakayeambiwa "kazi yako haina mvujo" atafurahi wakati anapaswa kushtuka. Kiingereza kinabeba maana zote mbili kwa neno moja na wenyewe wamezoea. Sioni sababu ya sisi kurithi mkanganyiko huo.

Neno la pili ni pindo. Linavutia, kwa kuwa kanga imetupa msamiati kamili wa kitu kilichochapwa: kuna mji katikati, kuna jina, kuna pindo kuzunguka pande zote. Lakini pindo la kanga ni sehemu ya kanga. Linavaliwa, linaonekana, na mara nyingi ndilo linalouza kanga yenyewe. Rangi inayotupwa jalalani haiwezi kuitwa pindo. Tena msanifu wa vifungashio analihitaji neno hilo kwa fremu inayochorwa kuzunguka upande wa boksi, ambayo ni ya kuepukwa ikiwa nyembamba na iko karibu na ukingo: kisu kikisogea milimita moja tu, upande mmoja unanenepa na wa pili unakonda.

Nililoliamini kwa muda mrefu ni ziada ya kukata. Linaeleza sababu, linaeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kuingia karakana. Kwa kadi, bango na kipeperushi linatosha kabisa. Boksi ndilo lililolishinda.

Kazi yangu ilikuwa kifungashio cha viungo vya pilau: iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, kwenye boksi la kusimama la kadi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Boksi halikatwi kwa kisu kilichonyooka. Hutumika ubao uliopachikwa nyembe za chuma zilizopindwa kufuata umbo la boksi likiwa limekunjuliwa. Nyembe zenye makali hukata, na zilizo butu hubonyeza karatasi ili ipate mkunjo. Ukitandaza karatasi mezani unaona pande nne zimefuatana, masikio ya juu na ya chini, na pembeni kabisa ukanda mwembamba ambao mafundi huuita ulimi. Ulimi huo hupakwa gundi, hukunjwa kwenda ndani, na upande wa nne hulala juu yake. Boksi linafunga.

Gundi haishiki vizuri juu ya wino mzito wala juu ya vanishi. Kwa hiyo ulimi huachwa mweupe. Lakini ukiuacha mweupe wote, kuanzia pale pale kwenye mkunjo, na upande wa nne ukabandikwa ukiwa umepungua kidogo, mstari mweupe utatokea kwenye pembe ya boksi kutoka juu hadi chini. Dawa yake ni rangi ivuke mkunjo na kuingia kwenye ulimi milimita 2 au 3, halafu ikome. Nilimuuliza fundi aachiwe kiasi gani. "Mdogo wangu, kwenye ulimi tatu zinatosha," alisema, "ila huku nje kwenye kukata niwekee tano, kadi nene hii inacheza." Akapitisha ukucha juu ya mkunjo kunionyesha rangi inapotakiwa kuishia.

Pale kwenye ulimi hakuna kinachokatwa. Rangi ile haitupwi, imefichwa ndani ya boksi, na itabaki humo mpaka boksi lichakae. Lakini kazi yake ni ileile ya rangi ya nje: kuvuka mstari ili mstari ukisogea pasionekane uwazi. Mstari wenyewe waweza kuwa wa mkato au wa mkunjo. Jina linalofaa, basi, ni lile linalotaja kuvuka, bila kujali kinachovukwa.

Na kitenzi tunacho. Abiria wa daladala aliyesinzia akapelekwa mbele ya kituo chake husema amepitiliza. Kufika mahali ulipokusudia na kuendelea mbele kidogo ndiko kupitiliza, na ndivyo rangi inavyotakiwa kufanya. Njia ya kulipata jina imeshapigwa: kusisitiza hutoa msisitizo, kufululiza hutoa mfululizo, na kupitiliza hutoa mpitilizo. Linakaa vizuri pia na ndugu zake wa kazini, mkato na mkunjo, yote katika ngeli moja. "Mpitilizo wa milimita 5 nje ya mkato, milimita 3 nje ya mkunjo wa ulimi." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa kwenye agizo la kazi na mtu akaifuata bila kupiga simu.

Najua kupitiliza kuna lawama ndani yake. Chumvi iliyopitiliza imeharibu mboga. Hilo halinisumbui, kwa kuwa neno likiingia kazini hupata maana ya kazi hiyo, kama lilivyofanya lile la wajalidi.

Kinachonisukuma zaidi ni watu wanaolipia kazi hizi. Neno vifungashio lilishika kwa sababu wasindikaji wadogo walilihitaji: mama anayesaga viungo, kijana anayekaanga korosho. Hao hao hurudishiwa faili mara mbili tatu kwa kosa ambalo hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoizungumza, na kila kurudi kuna gharama. Mtu akijua mpitilizo ni nini, atampelekea msanifu picha ya iliki iliyoachiwa nafasi pembeni, kwa maana rangi tupu unaweza kuirefusha upendavyo, lakini iliki iliyokatwa kwenye picha huwezi kuizalisha upya bila kudanganya.

Bado kuna la kutafutiwa jina: ile sehemu ya ulimi inayobaki bila wino. Kwenye faili langu niliiandika "eneo lisilochapwa", maneno marefu kwa ukanda wa sentimita moja. Fundi aliitia kalamu akaandika juu yake kwa herufi kubwa: PEUPE. Nimelichukua.