Moyo na Akili katika Asili ya Hisia

Mwaka 1884 William James, mwanachuoni wa Marekani, alishikilia kwamba mtu hatetemeki kwa kuwa ameogopa, bali huogopa kwa kuwa atetemeka. Mwaka 1927 Walter Cannon aliipinga rai hiyo: moyo huenda mbio katika hofu na katika hasira pia, basi mwili peke yake hauwezi kuzipambanua hisia hizi mbili. Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer waliwapiga watu sindano za adrenalini, wakahitimisha kwamba mwili huamka, na akili ndiyo iupayo mwamko huo jina. Majaribio yaliyorudiwa mwaka 1979 hayakuthibitisha neno hilo sawasawa. Lakini swali lao limo katika lugha yenyewe: asemapo Mswahili “moyo wamwenda mbio”, msikilizaji hajui bado kama ni hofu au furaha, mpaka asikie sababu.