Je, soya hupunguza nguvu za kiume? Protini na homoni za mwanaume

Huenda umewahi kusikia kwenye foleni ya mgao kwamba mwanaume akinywa uji wa soya, nguvu zake za kiume zitaisha. Wapo wanaoamini hivyo hata wakalala njaa huku uji uko jikoni. Si kweli. Soya ina kemikali inayofanana kidogo na homoni ya kike, na hapo ndipo hofu ilipoanzia. Lakini tafiti nyingi za wanaume waliokula soya, zilipokusanywa pamoja mwaka 2010 na tena mwaka 2021, hazikuonyesha homoni yao ya kiume ikishuka. (Unga uliotolewa kwa mtoto mwenye utapiamlo ubaki wa mtoto, ila si kwa sababu ya hofu hiyo.)

Homoni hiyo huitwa testosteroni. Hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo husaidia misuli, mbegu na hamu ya tendo la ndoa. Chakula kikipungua kwa wiki nyingi, amri hiyo hupungua: mwili unatunza nguvu kwa ajili ya moyo na ubongo, uzazi unasubiri. Huko Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, vijana 36 wenye afya walijitolea kula takriban nusu ya chakula chao kwa miezi sita. Walikonda, wakawa na huzuni, na hamu ikawatoka karibu kabisa. Walipolishwa vizuri ilirudi, polepole. Basi kama mgao umepungua, nawe unakula baada ya watoto kushiba, ukajiona huna hamu, hujarogwa, na mkeo hana kosa.

Protini unayohitaji si nyingi kama watu wanavyodhani. Mwanaume wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku. Gramu 400 za unga wa mahindi zina kama 32, na gramu 100 za maharage makavu zina kama 21. Umeshafika, bila nyama. Tena mahindi na maharage hukamilishana, kila kimoja kikileta kile ambacho mwenzake anakosa. Sombe yenye karanga au konzi ya ndagala huongeza zaidi. Tatizo ni kuuza maharage yote ili ununue nyama ya siku moja: siku zinazobaki ni ugali mtupu, na ugali ukiwa haba mwili huchoma hata ile protini kidogo kama kuni. Nyama nyingi kupita kiasi nayo haiongezi uanaume. Protini ikizidi theluthi ya nishati ya chakula chote, tafiti ndogo zimeonyesha testosteroni ikishuka.

Jambo moja huwatisha wanaume na hawalisemi. Aliyekaa na njaa muda mrefu, akianza kula vizuri, anaweza kuvimba matiti. Lilionekana kwa wafungwa wa Vita Vikuu vya Pili baada ya kuachiliwa. Homoni zinajipanga upya, na kwa kawaida uvimbe hupotea wenyewe baada ya miezi. Ukiwa upande mmoja tu, au mgumu, nenda kituo cha afya.

Nenda pia hamu isiporudi ingawa unakula vya kutosha, kwani kisukari, msongo wa mawazo na baadhi ya dawa huleta hali hiyo hiyo. Unaweza kuomba kuzungumza na mhudumu wa kiume, faragha. Usianzie kwa muuza dawa za nguvu sokoni: baadhi huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali zinazoshusha presha ghafla, na kwa mgonjwa wa moyo zinaweza kuua.